Kumfikisha mwanafunzi kwenye atomi kwa vitu vya Tanga

Muulize mwanafunzi wa darasa la sita hapa Tanga maada ni nini, atakujibu pale pale: ni kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi. Muulize tena kama hewa iliyojaa darasani ni maada. Hapo darasa linagawanyika, na wengi watasema hapana, kwa sababu hewa "haina kitu". Ufafanuzi wameukariri vizuri, lakini haujawasaidia kuamua jambo hata moja.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa shule ya msingi au wa kidato cha kwanza, kwa kijana anayefundisha tuisheni za jioni kule Makorora au Chumbageni, na kwa mzazi mwenye subira. Njia yake ni moja: vitu vishikwe kwanza, maswali yazuke kwenye vitu hivyo, chembe zitajwe pale mtoto anapozihitaji, na protoni na elektroni, vipande vya ndani ya atomi, zisubiri hadi mwisho. Atomi haionekani kwa macho wala kwa hadubini ya shule. Mtoto akiletewa atomi kabla hajapata sababu ya kuikubali, atakariri tu, na akifika kidato cha kwanza akakutana na mambo yale yale kwa Kiingereza, alichokariri hakimsaidii tena.

Tenga vipindi vinane au zaidi. Ukibanwa na muda, punguza hatua ya mwisho. Hatua ya nne usiiguse, kwa sababu ndiyo inayobeba somo zima.

Vifaa

Karibu vyote vinapatikana Ngamiani na sokoni. Nunua mabomba ya sindano ya mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano zake. Tafuta mpira wa miguu na pampu yenye pini ya mpira. Mji wetu una baiskeli nyingi, kwa hiyo pampu haikosekani. Azima mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kisha rangi ya biriani, chumvi, sukari, ndimu, marashi, pamba, chupa ya mafuta ya nazi, magadi, unga wa ngano kidogo, chokaa ya kupaka ukuta, betri nne kubwa za tochi, vipande viwili vya waya, penseli mbili na kipande cha mpira wa dripu. Ukipita ufukweni okota kombe na vipande vya matumbawe yaliyokufa, na chota lita moja ya maji ya bahari. Kwa kuangalia vitu vidogo, lenzi ya mkono inatosha.

Hatua ya 1: Pima hewa

Anza na mpira. Chagua uliolegea kidogo lakini bado una umbo lake la duara. Uliosinyaa kabisa hautakufaa, kwani ukiujaza unatanuka, hewa ya nje inaunyanyua kidogo, na kipimo kinapotoka. Uweke juu ya mizani, uzuie usibingirike kwa pete ya kitambaa, na mwanafunzi mmoja asome gramu kwa sauti. Kabla ya kupiga pampu, kila mmoja aandike daftarini anachotarajia: utakuwa mzito zaidi, mwepesi zaidi, au vilevile? Kuandika ni muhimu, maana mtoto akishaandika amejifunga na jibu lake na atalifuatilia. Wengi huandika kwamba utakuwa mwepesi, kwa kuwa wamezoea kuona puto likipaa.

Jaza mpira mpaka uwe mgumu wa kuchezea, upime tena. Utaongezeka kiasi cha gramu 4 au 5. Rudia mbele yao, na safari hii watoto wenyewe washike pampu.

Sasa wapeleke mbali zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa hapa usawa wa bahari ina tungamo la kilo moja na zaidi kidogo. Darasa la mita 8 kwa 6, lenye kimo cha mita 3, lina mita za ujazo 144. Wapige hesabu wenyewe, na watagundua kwamba wamekaa ndani ya zaidi ya kilo 160 za hewa. Waache wabishane kidogo hapo.

Malizia kwa kutenga vitu katika makundi mawili, maada na visivyo maada: mchanga, mwanga wa jua, mvuke, kivuli, samli, sauti ya adhana, moshi, joto. Swali gumu litakuwa moto. Mwali wa moto ni gesi zenye joto kali zinazong'aa, pamoja na chembe za masizi, kwa hiyo maada imo ndani yake. Mwanga na joto unavyotoa ni nishati.

Hatua ya 2: Hali tatu, kwa mafuta ya nazi

Vitabu vingi huanza na barafu. Barafu ni nzuri, lakini pwani yetu ina mfano bora, nao ni mafuta ya nazi. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Hapa Tanga mchana yanamiminika karibu mwaka mzima, na watoto wengi hawajawahi kuyaona vinginevyo. Chupa hiyo hiyo ukiipeleka Lushoto mwezi wa saba, asubuhi utaikuta imeganda nyeupe kama mshumaa. Mafuta ni yale yale, na hakuna aliyeyatia kitu.

Lionyeshe hilo darasani. Pima chupa ya mafuta ikiwa imefungwa vizuri, iweke kwenye friji au katika beseni la barafu mpaka yagande, ikaushe kwa nje, upime tena. Gramu hazikubadilika. Ielekeze chupa upande, kisha wanafunzi waandike walichoona kwa lugha yao: yaliyoganda yanashika umbo lake, yanayomiminika yanafuata umbo la chombo, ila kiasi ni kile kile. Baada ya hapo ndipo uandike ubaoni *yabisi*, *kimiminika* na *gesi*.

Kwa gesi, chemsha maji. Waulize mapovu yanayopanda kutoka chini ya sufuria yana nini ndani. Wengi watasema hewa. Mapovu madogo ya mwanzoni ni hewa kweli, ile iliyokuwa imeyeyuka majini, lakini yale makubwa ya mchemko wenyewe ni mvuke wa maji. Waache waone kwamba maji yanaendelea kutoa mapovu mpaka yaishe. Kama ingekuwa hewa tu, ingekuwa imetoka yote mapema. Wape na takwimu hii: lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye mchemko, inachukua nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ndiyo maana mfuniko hurukaruka. Wingu jeupe linaloonekana juu ya birika si mvuke tena. Ni matone madogo mno ya maji yaliyokwisha kupoa, na mvuke wenyewe uko pale karibu na mdomo wa birika, ambapo jicho halioni kitu.

Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 hapa usawa wa bahari. Lushoto, karibu mita 1,400 juu, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mtoto mwenye shangazi huko milimani ataelewa kwa nini maharage ya kule yanakawia jikoni.

Hatua ya 3: Glasi inayotoka jasho

Hatua hii ni fupi, lakini unyevunyevu wa Tanga unaifanya ifanikiwe kila mara. Tia maji ya friji kwenye glasi kavu, na ndani yake weka rangi ya biriani mpaka maji yawe ya manjano iliyokolea. Pima glasi na uisubiri kwenye mizani. Baada ya dakika chache imetoka matone kwa nje. Yametoka wapi? Wengi hujibu kwamba maji yamevuja kupitia kioo. Mwanafunzi apitishe kipande cha pamba nyeupe juu ya matone hayo, na pamba haitashika rangi. Tena mizani inaonyesha glasi imeongezeka uzito, wakati kitu kinachovuja hakiongezeki. Maji yalikuwa hewani tangu awali bila kuonekana, yakapoa yalipogusa kioo baridi.

Usiwapokonye furaha ya kufika hapo wenyewe. Ukitamka jibu kabla pamba haijafutwa, jaribio limekwisha.

Hatua ya 4: Lizushe swali la chembe

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Gawa mabomba ya sindano, moja kwa wanafunzi wawili. Wavute hewa hadi mililita 20, wazibe mdomo kwa kidole gumba, wasukume. Kibonyezo kinaingia mpaka mililita 10 au chini yake, na wakiachia kinarudi chenyewe. Kisha wavute maji, waondoe mapovu yote, wazibe na wasukume tena. Hakiingii. Hata mvulana mwenye misuli kuliko wote darasani hawezi.

Sasa mpe kila mmoja karatasi. Achore bomba mara mbili, kabla ya kusukuma hewa na baada ya kusukuma, kana kwamba ana jicho linaloweza kuona kitu kidogo kiasi chochote. Usimsaidie. Zunguka tu uangalie. Utapata makundi mawili. Kundi moja hupaka hewa yote kivuli, na baada ya kusukuma hupaka kivuli kilichokolea zaidi. Kundi jingine huchora vidoti vilivyotawanyika, kisha vidoti vile vile vikiwa vimekaribiana. Bandika picha ukutani na uwaulize: ni picha ipi inayoeleza kwa nini hewa inabanika na maji hayabaniki? Walioweka vidoti wana jibu jepesi, kwamba katika hewa kuna nafasi kubwa kati ya kidoti na kidoti, na katika maji vimeshagusana. Waliopaka kivuli watahangaika kueleza kitu kinachojaza kila mahali kinapungua vipi bila kutoka. Mabishano haya ndiyo yanayoipa chembe haki ya kuingia darasani.

Lakini bomba peke yake halitoshi. Ongeza ushahidi mwingine wa aina tatu, haraka haraka.

Funga madirisha, zima feni, weka pamba yenye marashi kwenye kona. Wanafunzi wafumbe macho na kila mmoja anyanyue mkono harufu inapomfikia. Mikono itapanda kuanzia karibu na kona kwenda mbali.

Weka glasi mbili, moja ya maji ya moto na nyingine ya maji baridi, zitulie kabisa, kisha dondoshea kila moja chembechembe chache za rangi ya biriani. Usikoroge. Rangi inasambaa yenyewe, na katika maji ya moto inasambaa kwa kasi zaidi.

Pima maji na sukari kila kimoja peke yake, yeyusha sukari, pima tena. Tungamo la pamoja halikupungua. Sukari haionekani, lakini imo.

Sasa andika ubaoni, ukitumia maneno yao, mambo manne: maada imeundwa kwa chembe ndogo mno, kati ya chembe na chembe hakuna kitu, chembe hazitulii, na joto linapoongezeka zinakwenda kasi zaidi, na chembe huvutana zikiwa karibu. Yabisi, kimiminika na gesi sasa zinaelezeka: katika yabisi chembe zimeshikana mahali pake na zinatetemeka tu, katika kimiminika zinateleza zikipishana, katika gesi zimeachana.

Jambo la pili katika hayo manne ni gumu kuliko yote. Mtoto akishakubali chembe, atakuambia kati ya chembe za hewa kuna hewa. Muulize kwa upole hiyo hewa ya katikati nayo imeundwa na nini. Arudi mwenyewe. Makosa mengine ya kuyavizia ni haya: kwamba chuma kikipashwa moto chembe zake zinavimba (hazivimbi, zinaachana kidogo zaidi), na kwamba chembe moja ya dhahabu ina rangi ya dhahabu au chembe moja ya maji imelowa. Rangi, kulowa, ugumu na joto hutokana na chembe nyingi zikiwa pamoja.

Wakiuliza nani aliwahi kuthibitisha, waambie. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown alitazama kwa hadubini vipande vidogo sana kutoka kwenye chavua vikiwa majini, akaviona vinacheza bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwa hesabu kwamba vinasukumwasukumwa na molekuli za maji, yaani chembe zake, na Jean Perrin wa Ufaransa akapima na kukuta hesabu ni sahihi. Jicho halikuona molekuli; liliona kinachosukumwa nazo. Watoto walioona marashi yakisafiri darasani wanaelewa hoja ya namna hiyo.

Kuhusu udogo, mfano mmoja unatosha. Tone moja la maji lina molekuli zaidi ya 1,000,000,000,000,000,000,000. Iandike ubaoni kwa sifuri zote 21.

Hatua ya 5: Maji ya Raskazone

Mpaka sasa chembe zote zilikuwa sawa tu. Sasa tunauliza kama zina aina. Pima mililita 200 za maji ya bahari na uyachemshe kwenye sufuria ndogo iliyopimwa. Yakikaribia kukauka punguza moto, kwa sababu chumvi huruka na kuchoma. Utabaki na kitu cheupe cha gramu 7 hivi, maana lita ya maji ya bahari hubeba chumvi kama gramu 35. Ukichota karibu na mdomo wa mto, au wakati wa masika, utapata pungufu. Kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu kazi hii hufanywa na jua na upepo.

Wanafunzi walichofanya ni kutenganisha *mchanganyiko*. Maji na chumvi vilikuwa pamoja, kila kimoja kikibaki na tabia yake, na kuchemsha kulitosha kuvitenga.

Kabla hujaendelea, toa lenzi. Mimina chumvi ya dukani kidogo juu ya karatasi nyeusi na waangalie punje moja moja. Watakuta vijisanduku. Pembe zimenyooka, pande ni bapa, na punje zilizovunjika nazo zimevunjika kwa pembe zile zile. Hakuna aliyezichonga. Waulize ni mpangilio gani wa chembe ungeweza kujenga sanduku kila mara, watoto wawili wawili wapange maharage mezani wajaribu. Katika somo lote hili sijui mahali pengine ambapo umbo la kitu tunachokishika linatuonyesha hivi waziwazi namna chembe zake zilivyopangika.

Chumvi safi huwezi kuitenga zaidi kwa kuchemsha wala kuchuja. Hata hivyo imeundwa na vitu viwili: sodiamu, metali laini inayolipuka ikigusa maji, na klorini, gesi ya sumu. Vikiungana vinakuwa kitu kipya tunachotia kwenye mboga kila siku. Hiyo ndiyo *kampaundi*. Sodiamu na klorini zenyewe ni *elementi*, na njia za kikemia haziwezi kuzigawa ziwe kitu sahili zaidi. Chumvi ya dukani iliyoandikwa kwamba ina madini joto ni mchanganyiko tena, kwa sababu imeongezwa kiasi kidogo cha kampaundi ya iodini ili kuzuia ugonjwa wa rovu.

Maji nayo yavunjwe mbele yao. Chonga penseli mbili pande zote mbili, unga betri nne kwa mfululizo, funga waya kwenye ncha za juu za penseli na zamisha ncha za chini kwenye glasi ya maji yenye kijiko cha magadi. Mapovu yatatokea kwenye ncha zote mbili, na upande wa hasi yatakuwa mengi zaidi. Huko ni haidrojeni. Upande wa chanya ni oksijeni. Kwa kanuni haidrojeni ni mara mbili ya oksijeni, lakini usitegemee ipatikane mara mbili kamili, kwa sababu sehemu ya oksijeni huyeyuka majini na nyingine huila kaboni ya penseli. Usitie chumvi badala ya magadi, maana itatoa klorini. Acha madirisha wazi, na umeme wa ukutani usiguswe kabisa.

Sasa unga wa ngano. Kanda madonge ya rangi tatu au nne, kila rangi atomi, yaani chembe ndogo kabisa, ya elementi moja, na njiti za meno ziwe viungo. Atomi zilizoungana hivi ndizo molekuli. Watengeneze oksijeni ya hewani (atomi mbili), maji (haidrojeni mbili na oksijeni moja, zikiwa zimepinda, si mstari), na kaboni dayoksaidi (kaboni katikati, oksijeni pande mbili, mstari ulionyooka). Kisha uwaambie wavunje molekuli za maji na wajenge haidrojeni na oksijeni kwa madonge yale yale. Watagundua wenyewe kwamba wanahitaji molekuli mbili za maji, na kwamba hakuna donge lililopotea. Chumvi isitengenezwe kwa njia hii. Haina molekuli ya wawili wawili. Ni safu ndefu ya sodiamu na klorini zikipokezana pande zote, ile ile iliyoleta vijisanduku.

Elementi zinazojulikana leo ni 118. Wasikariri orodha. Kaboni, haidrojeni, oksijeni, nitrojeni, sodiamu, klorini, kalsiamu, chuma, shaba na salfa zinatosha kuanzia.

Hatua ya 6: Jiwe la matumbawe

Tanga imekaa juu ya somo hili. Matumbawe, kombe, ganda la yai, jiwe la mapango ya Amboni kilomita 8 kaskazini mwa mji, na jiwe linalochimbwa kwa ajili ya saruji kule Pongwe, vyote kwa sehemu kubwa ni kampaundi moja: kalsiamu kaboneti. Ina kalsiamu moja, kaboni moja na oksijeni tatu.

Usiku wa kuamkia kipindi, koroga kijiko cha chokaa ya kupaka ukuta katika lita ya maji, funga na uiache itulie. Asubuhi chukua maji maangavu ya juu. Chokaa inaunguza macho, kwa hiyo kazi hii ni ya mwalimu na miwani ivaliwe. Ponda kombe, zitie kwenye chupa, mimina maji ya ndimu za kutosha, na haraka pitisha gesi inayotoka kwa mpira wa dripu hadi kwenye maji ya chokaa. Yatageuka meupe kama maziwa. Gesi ni kaboni dayoksaidi, na weupe huo ni kalsiamu kaboneti iliyoundwa upya. Umetoa kombe kwenye chupa moja na kulirudisha kwenye chupa nyingine.

Ukiendelea kupitisha gesi kwa muda mrefu, weupe unaanza kupotea. Kalsiamu kaboneti inageuka kampaundi inayoyeyuka majini. Mvua hubeba kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kwenye udongo, ikapita ndani ya mawe ya Amboni na kuyala polepole. Hivyo ndivyo mapango yalivyotoboka. Maji hayo yakidondoka ndani ya pango na kupoteza gesi yake, jiwe linarudi tone kwa tone, na ndipo yanapoota yale mawe yanayoning'inia darini. Ukipata nafasi ya kuwapeleka Amboni, wapeleke baada ya jaribio hili, wakishajua wanatazama nini. Njiani, kwenye chemchemi za maji moto za Galanos, watasikia harufu ya mayai viza. Ni haidrojeni salfaidi, molekuli ya salfa moja na haidrojeni mbili.

Wachoma chokaa nao wana sura yao katika hadithi hii. Jiwe likichomwa kwenye nyuzi joto 900 hivi, kaboni dayoksaidi inaondoka na kubakiza chokaa hai. Jiwe safi la kilo 100 hutoa chokaa kilo 56. Kilo 44 zilizobaki zimekwenda hewani. Hakuna atomi iliyokufa. Chokaa hiyo ikitiwa maji inachemka kwa joto lake yenyewe, ikipakwa ukutani inavuta taratibu kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Kuta za magofu ya Tongoni, kusini mwa mji, zimejengwa kwa matumbawe yaliyoshikwa na chokaa ya namna hii. Chokaa hai isiletwe darasani.

Wape kazi ya kuandika safari nzima ya atomi moja ya kaboni, kutoka baharini hadi ukutani. Daftari hizo zitakuonyesha nani ameelewa, kuliko mtihani wa kuchagua herufi.

Hatua ya 7: Ndani ya atomi

Hii iwe fupi, hasa kwa shule ya msingi. John Dalton alichapisha nadharia yake ya atomi mwaka 1808 akiiona kama kitu kisichogawanyika. Mwaka 1897 J. J. Thomson akagundua elektroni, ndogo sana na yenye chaji hasi. Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, chini ya Ernest Rutherford kule Manchester, walirusha chembe ndogo kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja, chache zikarudi nyuma. Waulize wanafunzi kabla ya kuwaambia: kitu kinachopitisha karibu zote na kurudisha chache kina umbo gani ndani? Rutherford alijibu mwaka 1911 kwamba karibu tungamo lote limekusanyika katika kiini kidogo mno. James Chadwick akamalizia nyutroni mwaka 1932.

Kwa vipimo, toka nao uwanjani. Weka punje moja ya ulezi katikati ya uwanja wa shule, mwanafunzi ahesabu hatua hamsini kubwa kutoka hapo. Kama punje ndiyo kiini cha haidrojeni, elektroni yake iko huko aliko yeye. Kati yake na punje hakuna kitu. Usiseme elektroni inazunguka kwenye njia yake kama sayari, maana haiendi hivyo na wataulipia usemi huo kidato cha tano. Sema iko mahali fulani katika eneo hilo, basi.

Kinachotofautisha elementi ni idadi ya protoni kwenye kiini: haidrojeni 1, kaboni 6, oksijeni 8, sodiamu 11, klorini 17, kalsiamu 20, dhahabu 79. Protoni ina chaji chanya na tungamo la karibu mara 1,836 ya elektroni. Nyutroni haina chaji. Katika kuungana kwa chumvi, sodiamu hutoa elektroni moja na klorini huipokea, kisha chaji zilizo kinyume huvutana. Rudi na punje za chumvi na lenzi waangalie tena, safari hii wakijua kinachoshikilia kile kisanduku.

Kuna mtoto atakayeuliza protoni nayo imeundwa na nini. Mjibu waziwazi. Protoni na nyutroni kila moja ina chembe tatu ndogo zaidi ziitwazo kwaki, wazo lililopendekezwa mwaka 1964 na kuthibitishwa kwa majaribio baadaye. Elektroni, kwa majaribio yote yaliyofanyika, haijaonekana kuwa na vipande ndani yake. Akitaka zaidi mpe kazi ya nyumbani: protoni ina kwaki mbili za aina iitwayo "juu", kila moja ikiwa na chaji ya +2/3, na moja ya aina iitwayo "chini" yenye −1/3, nyutroni ina moja ya juu na mbili za chini. Ajumlishe mwenyewe aone protoni inapataje +1 na nyutroni inapataje sifuri.